Kandambili za Pepo wa Baba Mdogo

Hadi leo nikisikia makopo yakigongana, siwezi kukaa. Juzi jirani yangu alifunga makopo ya maziwa kwenye kamba ili kuwafukuza kuku kwenye mchicha wake, na upepo ulipoyatikisa nikajikuta nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nimesahau kabisa nilichokuwa nikipika. Nilikuwa nimerudi bondeni Umwe, juu ya dungu, Baba Mdogo Saidi akivuta kamba.

Kwa ambao hamkukulia kwetu, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga. Nyumba yetu ilikuwa Kibiti, lakini mpunga ukianza kuchanua tulihamia dunguni na masufuria yetu, tukaishi huko mpaka mavuno, tukiamia ndege wasile mpunga na kutega sikio kwa ajili ya nguruwe. Kamba zenye makopo zilitoka dunguni kwenda kila upande. Ukivuta moja, shamba zima linapiga kelele. Aliyeshuka kabla ya wakati alivuna mabua, na sisi watoto tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Baba Mdogo alirudi kutoka Msumbiji nikiwa bado sijaanza shule. Jeshi letu lilikuwa limekwenda kuwasaidia wenzetu wa huko dhidi ya waasi, kisha likaitwa nyumbani vita vyenyewe vikiwa bado vinaendelea. Hilo la mwisho hatukulitia maanani. Zilikuwa enzi za ruksa, sabuni zimerudi madukani, mitumba imemwagwa kando ya barabara, na sisi tumerudishiwa kijana wetu akiwa mzima. Bibi, mama yake mzazi, alichinja beberu na kupiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Baba Mdogo alimega tonge mbili tatu, akauliza nani analinda shamba.

Basi msimu huo akapanda dunguni pamoja na Bibi na mimi. Hakutulia hata kidogo. Alivuta kamba pasipo na ndege. Alikaa, akasimama, akatazama kusini, akakaa tena. Kiredio chake alikibana sikioni akitafuta stesheni za Kireno, na katikati ya mikwaruzo aliinua mkono ili tunyamaze, ingawa tulikuwa tumeshanyamaza. Bibi alisema ndege wa mwaka ule watakufa kwa kukosa usingizi. Mimi nilicheka, lakini niliogopa pia, maana nilimpenda na sikujua anachokingoja.

Tukavuna, tukapiga mpunga, tukajaza magunia. Ulipofika wakati wa kurudi Kibiti, Baba Mdogo akagoma kushuka.

“Tukishuka, atabaki nani?” aliuliza kutoka juu.

“Kabaki nani wa kulindwa, mwanangu?” Bibi alimjibu, mikono kiunoni. “Mpunga u ndani ya magunia!”

Hakushuka. Siku zikapita, shamba limebaki mabua matupu, na makopo yanalia tu. Wapita njia wakaanza kusema, na Bibi akakata shauri kama ambavyo mama yeyote wa kwetu angekata: mwanangu ana pepo, tena kamchukua ugenini. Akaitwa fundi wa pepo, mwanamke mnene mcheshi kutoka Ngorongo, akaja na ngoma zake na wasaidizi wake. Alasiri moja walimteremsha Baba Mdogo kwa kumbembeleza, wakamfunika shuka jeupe, wakamfukiza ubani, ngoma zikaanza.

Baada ya kitambo mabega yakaanza kumtikisika. Fundi akainama.

“Hodi hodi, mgeni wetu. U nani wewe?”

“Amelia,” sauti ikatoka chini ya shuka.

“Karibu, Bi Amelia. Wataka nini kwa kijana wetu?”

Mara nikamsikia akilia, kilio cha mtu mzima, ambacho sikuwahi kukisikia. “Anataka kanga. Na mtoto anataka kandambili.”

Vigelegele vilipasua bonde. Pepo wa Kireno, tena ana mtoto! Fundi alifurahi kweli, akasema katika kazi yake hajapata kuona pepo mwenye adabu hivi, wenziwe hudai ng'ombe. Kanga ikanunuliwa, kandambili ndogo nyekundu zikanunuliwa, vikatiwa kwenye kikapu chenye kifuniko na kutundikwa darini Kibiti. Tangu hapo Baba Mdogo akakubali kushuka dunguni kila mpunga ulipovunwa.

Lakini kila mwaka baada ya mavuno aliniita. “Siwema, lete mguu.” Alipima wayo wangu kwa ukindu, akaenda dukani, akarudi na kandambili mpya za kutia kikapuni, za zamani akazigawa kwa watoto wa mtaani. Mimi nilikwenda peku, vidole vimepasuka. Nilimwonea pepo yule wivu mpaka nikashindwa kula. Nilimuuliza Bibi ni pepo gani huyu anayekua miguu.

“Nyamaza, we mwana,” alisema, akageuka kufunga upya kanga yake iliyokuwa imefungwa vizuri tu. Sasa najua kwamba alikwisha kuelewa.

Halafu redio ikatangaza kuwa Msumbiji wamepatana. Asubuhi yake Baba Mdogo aliteremsha kikapu na kudandia lori la kusini. Bibi hakuuliza pepo anapelekwa wapi. Tangu siku hiyo kila lori lililotoka kusini lilimkuta barabarani, na uji wake ukaungua mara nyingi.

Baba Mdogo alirudi amekonda, kikapu mkononi. Alikaa kizingitini akatuambia yote bila kututazama. Kulikuwa na kijiji walichokilinda. Watu walikuwa wamekimbia, wakarudi, wakajenga, wakapanda mahindi kwa sababu askari wetu wapo. Amelia alikuwa mjane. Baba Mdogo alimchukua akawa mke wake, na binti wa mjane akamwita baba. Umri wa binti na wangu ulikuwa mmoja. Siku ya malori ya kuondoka Amelia alimuuliza nani atabaki, naye akajibu atarudi kabla hawajavuna. Waasi walifika mahindi yakiwa mabichi. Mara hii, palipokuwa na nyumba zao alikuta nyasi tu. Mmoja alimwambia hakupona mtu. Mwingine alisema mwanamke na mtoto walionekana wakielekea Malawi.

Siku hizi nikisikia katika taarifa kwamba majeshi yanaondoka nchi fulani, nawafurahia mama wanaochinja mbuzi. Kisha nakosa raha, nazunguka nyumba nzima nikiuliza lile swali la Baba Mdogo. Nilichelewa sana kuelewa kwamba miaka yote ile alikuwa akimkuza binti yake kwa mguu wangu.

Siku ile pale kizingitini alifungua kikapu, akaziweka kandambili mbele yangu. “Vaa, mwanangu.”

Zilinienea sawasawa. Nilitaka kuzivua, nikainama, Bibi akanishika bega.

“Tembea,” alinong'ona. “Akuone unatembea.”

Nikatembea mpaka barabarani, nikarudi.