Sarafu iking'aa, Tan Yuzhen anakosa raha

Saa mbili asubuhi, Tan Yuzhen ameketi ukingoni mwa kitanda cha udongo chenye jiko chini yake, nyumbani kwa Bibi Hao Cuilian. Ameshika sarafu ya fedha kiganjani. Sarafu inang'aa kama sufuria mpya.

"Mbona inang'aa hivi, Bibi?"

"Niliisugua jana kwa majivu na siki. Mgeni anapewa kitu kichafu?" anajibu Bibi Hao, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. "Kunywa uji, unapoa huo."

Yuzhen hanywi. Fedha ya zamani huvaa weusi wake polepole, na mnunuzi hulipia weusi huo. Sarafu nyeupe hivi ama imeharibiwa na mwenyewe, ama imetengenezwa juzi.

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili ana mwaka wa kumi na saba akizunguka vijiji vya jimbo la Shanxi kwa guta la umeme, akinunua sarafu na kuziuza kwenye soko la Jumapili mjini. Mwezi mzuri humwachia yuan elfu tatu. Mwezi mbaya huuza alizonazo kwa hasara.

Vuli iliyopita alipigwa changa la macho. Mzee mmoja, akikohoa kitandani, alimsimulia jinsi babu yake alivyozificha sarafu ukutani wakati wa vita. Akamuuzia tisa kwa yuan elfu nane. Zote zilikuwa bandia, na mzee mwenyewe alikuwa amewekwa pale na matapeli.

"Nilinunua hadithi," anasema Yuzhen. "Sarafu zenyewe sikuzitazama, nilikuwa nafuta machozi."

Tangu siku hiyo haamini macho yake wala masikio yake. Mumewe, Guo Maolin, naye amechoka. Amemwombea kazi ya kuosha chupa katika kiwanda cha siki. "Mama Peng, bandia moja tu tena," alimwambia, "Jumatatu unaanza kiwandani." Hakuwa anatania.

Sasa Bibi Hao anakohoa kidogo, anaanza: "Babu yangu aliificha ukutani, wakati wa vita..."

Ni hadithi ile ile ya vuli. Familia nyingi za huku zilificha kitu ukutani kweli, ndiyo maana matapeli waliichagua hadithi hiyo.

"Bibi, nisamehe. Usinisimulie kwanza."

"Kumbe unaogopa hadithi? Haya, nanyamaza kama bibi harusi."

Yuzhen anaipima. Gramu ishirini na sita na nukta sita, sawa. Sumaku haishiki. Meno ya ukingoni yamepangika vizuri, hayana mshono. Chini ya kioo cha kukuza, nywele za jenerali aliyechongwa juu yake zinaonekana moja moja, bila vipele ambavyo kalibu ya matapeli huviacha. Moyo unaanza kutulia.

Anaiweka sarafu juu ya ncha ya kidole, anaigonga kwa sarafu yake nyingine. Fedha halisi hulia sauti nyembamba, ndefu. Hii inatoa mlio mfupi, kama umegonga ubao.

Mikono inamtetemeka. Anaipulizia pumzi, anaukodolea macho ukungu unavyokauka. Karibu na ukingo, juu ya kichwa cha jenerali, kinabaki kiduara kidogo kama punje ya mchele.

"Hapa palitobolewa, Bibi?"

"Aa, hilo tundu! Kaka yangu aliivaa shingoni akiwa mchanga, maradhi yasimchukue. Baadaye baba akampelekea sonara akaliziba."

Kiziba hicho ndicho kilichoua sauti. Lakini je, tapeli hawezi kutoboa bandia yake ili ionekane ya kweli? "Anaweza," anasema Yuzhen. "Siku hizi wanatuzidi akili." Lakini uzito, meno na nywele vyote vinasema kweli, naye anaamua kuvisadiki.

Anamweleza Bibi Hao ukweli wote: nzima na bila kusuguliwa, ingefika yuan elfu moja na mia mbili. Hivi ilivyo, mia tano.

"Yaani nimeisugua mpaka na bei ikatoka? Toa mia sita. Nataka kuweka meno, binti. Tambi nazimeza nzima kama bata!"

Wanakubaliana mia tano na hamsini. Siku tatu zinazofuata Yuzhen hali vizuri.

Jumapili anaiweka sarafu mezani kwa Shi Dengke, mfanyabiashara mkongwe sokoni. Maolin amesimama nyuma yake. Sokoni hapa hakuna anayekwambia umetapeliwa; ni utovu wa adabu. Wanakurudishia kitu chako kwa upole na kusema, "Kizuri, kaa nacho." Vuli ile Yuzhen aliambiwa hivyo kwenye meza nne.

Shi anaigeuza. Anaigonga. Anavuta kioo. Yuzhen anamtazama midomo.

"Dada Tan, huoni haya?" anafoka Shi. "Imesuguliwa mpaka jenerali anaona baridi! Ina tundu! Takataka hii! Mia sita, na nakuonea huruma tu."

Bandia haitukanwi, wala haipewi bei. Yuzhen anaangua kilio.

"Basi, mia sita na hamsini!" Shi anashtuka. "Usinililie mezani, wateja watanikimbia!"

Maolin anasogea kando, anapiga simu kiwandani kusema nafasi ile wampe mwingine.

Yuzhen anapanga kuendelea hadi mwanawe Peng amalize chuo, kisha apate meza yenye paa. Kuhusu hofu, anasema haijaondoka.

"Na isiondoke, nitaibiwa tena," anasema, akiifunga mizani kwenye kitambaa. "Naiomba tu iniachie mikono yangu, nipime bila kutetemeka."