Waya Uliomrudisha Profesa Mezani

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye vyeo na wenye njaa, kwamba Jumatatu ile, saa nne kamili asubuhi, mbele ya maua ya plastiki, Mkurugenzi alizindua rasmi Mfumo Unganishi wa Vizazi vya Teknolojia. Mfumo wenyewe ulikuwa waya wa urefu wa mkono, umezungushiwa utepe mweusi, umelazwa juu ya mto mwekundu kama taji. Aliyeutengeneza alikaa safu ya nyuma, akibandua gundi kavu vidoleni.

Ofisi nzima ilimwita Shangazi Waya. Alikuwa fundi wa kompyuta wa idara ya kumbukumbu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwahi kutupa waya maishani. Stoo yake ilijaa makopo ya biskuti: la plagi za duara, la plagi bapa, la zile pana zenye pini tisa. Makopo mengine yaliishi nyumbani, uvunguni.

"Mke wangu," mumewe alizoea kulalamika, "iko siku nitashuka kitandani nijikute nimechomekwa ukutani."

"Ukichomekwa huenda ukafanya kazi."

Balaa lilianza Mkurugenzi aliporudi kutoka semina. Ndani ya wiki moja kompyuta nzito zilipigwa mnada, zikaja nyembamba kama sahani, kila moja na vitundu viwili vya mviringo visivyopitisha hata ukucha. Wapagazi waliondoka na zile za zamani pamoja na chochote kilichong'ang'ania mgongoni. Nyuma ya kompyuta ya Profesa, kwa skrubu zilizoshika kutu, kilichong'ang'ania ni waya wa kibao chake.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mhariri wa kumbukumbu za vikao, kipofu tangu utotoni, na mdomo wake haukuwa na breki. Kibao chake cha nukta nundu kilichukua maneno ya kompyuta kikayainua kama vipele vidogo chini ya vidole, mstari baada ya mstari. Kwa miaka kumi na tisa alikamata makosa ya watu wenye macho mawili. Kompyuta mpya ilijua kumsomea kwa sauti, lakini yeye hakuitaka.

"Ikinisomea, nasikia hadithi," alisema. "Nikigusa ndipo naona uchafu."

Ombi la kibao kipya lingejadiliwa mwaka ujao. Suala la uhamisho lilijadiliwa dakika nne: kibao kisipofanya kazi kufikia Ijumaa, Profesa atakuwa Afisa Ukarimu wa Lango, yaani atakalia kiti cha plastiki awaambie wageni karibu. Katibu wa Mkurugenzi alimsomea barua ya uhamisho mbiombio, kwa aibu, akiruka mistari.

"Shangazi, nikikaa pale mwezi mmoja nitaota majani."

"Huoti kitu. Ngoja nipekue makopo."

Akapata waya wa pini tisa, adapta ya kutoka pini tisa kwenda plagi bapa, na nyingine ya kutoka bapa kwenda tundu la mviringo. Akaviunganisha kama treni. Kompyuta ikaitambua adapta, kibao kikawaka taa, nukta zikagoma. Akabadilisha adapta, akapuliza vumbi, akatukana kwa heshima. Jumatano ikapita hivyo hivyo.

"Niambie ukweli," Profesa akauliza. "Langoni kuna kivuli?"

Shangazi Waya akapuliza vumbi upya. Siku ile wapagazi walipokuja, yeye ndiye aliyewafungulia mlango na kutia saini kwamba kila kitu kiko sawa.

Alhamisi kukawa na kikao. Mkurugenzi na mkuu wa manunuzi walizungumza kwa mpigo, mdomo kwa mdomo, kisha wakanyamaza kwa mpigo, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Shangazi Waya akaacha kuandika. Ule waya wa kopo! Pini ya kusemea ya kompyuta ilikwenda moja kwa moja kwenye pini ya kusemea ya kibao; ya kusikilizia kwa ya kusikilizia. Vyote viwili vinaropoka, hakuna mwenye sikio.

"Samahani, nakwenda msalani," akasema, akapitiliza hadi stoo.

Akaifungua plagi, akachomoa waya wa pini ya pili na wa pini ya tatu, akaupeleka kila mmoja mahali pa mwenzake, akachomelea. Alipouchomeka tena, Profesa aliweka vidole juu ya kibao kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Nukta zikainuka.

Akazipitia mara mbili, mwanzo hadi mwisho wa mstari. Kisha akasema, "Nifungulie ile barua yangu ya uhamisho, nakala yake imo humu kwenye kompyuta."

Vidole vikatambaa, vikasimama, vikarudi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wanataka nianze langoni tarehe thelathini na moja. Mwezi huu."

Shangazi Waya akahesabu kwa vifundo vya vidole. Mwezi ulikuwa na siku thelathini.

"Imepita kwa watu wangapi?"

"Ina saini tano."

Wakaenda pamoja kwa Mkurugenzi. "Mheshimiwa," Profesa akasema kwa unyenyekevu wa kutisha, "kibao kinafanya kazi. Ila kama bado mnanihitaji langoni, siku hiyo ikifika tu, nitaripoti."

Mkurugenzi aliisoma barua mara mbili, akaichana vipande vidogo sana. Kufikia Jumatatu mafanikio yalikuwa ya taasisi, yana jina refu na mto mwekundu.

"Na sasa," akanguruma kwenye kipaza sauti, "namwomba mbunifu wetu atueleze falsafa iliyomwongoza!"

Shangazi Waya akasimama.

"Nyaya mbili zilikaa vibaya," akasema. "Mkimaliza kuupiga picha huo waya mniletee, Profesa ana kazi."