Boniface Anyamazisha Msitu

Basi lilituacha sisi watatu kwenye njia ya changarawe katikati ya misonobari, mahali nisipopajua kabisa, na jambo la kwanza alilofanya Boniface ni kututaka tushushe sauti. Hapakuwa na mtu.

"Hapa si kule mtaani Alby," alisema, kidole mdomoni.

"Shemeji, utawafundisha adabu mpaka miti," alijibu Veneranda, dada wa mkewe, akacheka hadi kicheko kikasikika ng'ambo ya mto uliokuwa bondeni.

Boniface alikuja Stockholm kusomea uhandisi wa maji. Sasa anakaa Hagsätra na hukagua mabomba, ila kazi aliyojipa mwenyewe ni kunyamazisha Waafrika Mashariki. Kwenye treni humgusa bega Mkenya anayeongea na simu. Kwenye kipaimara huzunguka akipunguza muziki. Binti yake Hanna akipiga chafya, baba huwatazama majirani kwa macho ya kuomba radhi. Kwa miaka yote hiyo hakuna Msweden aliyewahi kumsifu. Pengine hakuna aliyemsikia.

Sasa alitamani nyumba ndogo ya mapumziko kando ya mto Dalälven. Mwenye nyumba hiyo, mzee Mikael, alikuwa tayari kumuuzia, lakini alitaka kwanza kuona anavyoishi na msitu. Boniface alijua maana yake: mtihani wa utulivu.

Mikael alitupokea kwa kahawa. "Dubu jike ameonekana kwenye kijia cha mtoni, ana watoto," alisema kwa Kiswidi. "Mkienda, ongeeni. Imbeni. Akiwasikia mapema atajiondokea. Hatari ni kumshtua. Mkimwona msikimbie, rudini kinyumenyume polepole."

Boniface alikubali kwa kichwa, kisha akatugeukia kwa Kiswahili. "Mzee anatupima. Lini mmesikia Msweden akiwaomba watu kelele?"

Tukashuka. Veneranda alichuma matunda ya msituni huku akimsimulia rafiki yake kwenye simu harusi nzima ya Upplands Väsby, pamoja na nguo ya mama mkwe. Boniface aliona aibu, akatangulia, akinyata kama mwizi wa kuku.

Kwenye kona tulimkuta amesimama wima. Mbele yake, karibu mno, dubu alikuwa ameinuka kwa miguu ya nyuma. Mdomo wa Boniface ulikuwa wazi, na kilichotoka ni mnong'ono: "Ursäkta." Alikuwa anamwomba dubu samahani.

"Weee!" Veneranda alinguruma. "Shemeji, rudi nyuma! Taratibu! Na wewe mama, chukua wanao uende!"

Dubu alishuka, akaguna, akaingia vichakani na watoto wake.

Tuliporudi nyumbani, Mikael alitusikiliza hadi mwisho. "Ulikuwa kimya?" aliuliza.

"Kimya kabisa," alisema Boniface, bado anajisifu.

"Basi siwezi kukuuzia. Akikujeruhi, wawindaji watakuja kumuua, na watoto watakufa njaa. Lakini mama huyu," alimwonyesha Veneranda, "akitaka, tuongee."

"Jiko la nyumba linatumia kuni?" aliuliza Veneranda.

Boniface alichukua begi.

"Shemeji, kunywa kahawa kwanza, bwana."

"Mtatuaibisha sote huku," alisema, akapanda njia ya changarawe.

Basi lilipokuja aliingia, akachagua kiti cha upande usioonyesha mto. Sisi tulibaki.