Kuuza Gari la Kaka Yangu

Mbinga watu hupima gari kwa magunia. Uwaonyeshe jipya au bovu, swali la kwanza ni linabeba magunia mangapi ya kahawa, na la pili ni kama mvua ikinyesha litapanda mpaka shambani. Gari la kaka yangu halikubeba hata gunia moja. Lilikuwa na viti viwili, milango miwili, na nyuma kijisehemu cha kuwekea sweta na kilo mbili za sukari. Lilikaa chini kiasi kwamba ukitoka ndani unaanza kwa kupiga magoti. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti mchana, giza likiingia zinainuka. Mkoa mzima sikuwahi kuona jingine kama lile, na mimi ndiye niliyepata kazi ya kuliuza. Kazi hiyo simwombei hata adui, na maadui ninao.

Kaka yangu aliendesha malori ya kahawa tangu ujana mpaka kustaafu. Mjini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wazee kwa watoto walimwita Dereva. Gari lile alilinunua Dar es Salaam kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akalileta nyumbani juu ya lori, limefungwa kamba kama ng'ombe, maana kwa barabara ya enzi hizo lingeng'oka tumbo kabla ya kufika Songea. Likakaa bandani miaka na miaka. Kila Jumamosi alilipangusa, akaliwasha, akalisikiliza, akalizima. Kisha lami ikatufikia, na baadaye ikashuka milimani mpaka Mbamba Bay kando ya ziwa, kona juu ya kona, na kaka yangu akawa kijana upya. Mimi wakati huo nilikuwa nimestaafu uuguzi na kurudi nyumba ya wazazi wetu kuishi naye. Yeye mke wake alifariki. Mimi mume wangu yu hai, ila anaishi kwa mwanamke mwingine.

Habari za macho yake nilizijua kabla yake. Alianza kugonga miimo ya milango kwa bega. Nikimpa kikombe kutoka ubavuni hakipokei mpaka nikilete mbele ya pua. Nilimburuta hospitali, daktari akamtazama na kusema ni presha ya macho: pembeni kumeshakufa, hakutarudi tena, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Tulirudi nyumbani kwa gari hilohilo, yeye kwenye usukani, mimi nikisali rozari macho wazi. Haukupita muda akamgonga mbuzi wa jirani aliyetokea upande wa kushoto. Aliapa mbele za watu kwamba mbuzi yule ameshuka kutoka mbinguni. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua baada ya mbuzi huja nini. Nimewahi kuosha watoto waliogongwa, kwa mikono hii, mama zao wakilia nje ya dirisha.

"Usimwambie mtu," aliniambia jioni ile. "Watu wakijua Dereva haoni, mimi nitakuwa nani?"

Nikamwambia nitanyamaza, lakini gari liuzwe. Akakubali upesi mno. Ningekuwa na akili zangu zote ningeshtuka palepale.

Alikubali kwa sababu alijua halinunuliki. Bei yake haikujulikana, maana hapakuwa na mwenzake wa kulilinganisha nalo. Vipuri vyake havikupatikana Songea wala Mbeya. Fundi yeyote wa Mbinga akifungua boneti anaomba maji ya kunywa. Madalali tuliwakataa, tukasema tunauza wenyewe. Wakaja hivyohivyo, wamejifanya wanunuzi, wanaulizia bei ya mwisho huku wananong'ona kwenye simu. Mmoja nilimfukuza na ufagio mpaka barabarani. Akaniambia, "Mama, bila sisi hili litaozea hapa." Nikamwambia aoze yeye kwanza.

Lakini walioniua hasa ni wanunuzi wa kweli, na sababu ni utaratibu wetu. Kwetu mnunuzi hagusi usukani kwanza. Gari likimzimikia mkononi ataambiwa ameliharibu, basi ni lake, alipe. Kwa hiyo kila anayekuja husema maneno yaleyale: mwenye mali aendeshe, mimi nitakaa pembeni nione. Na halijaribiwi mtaani. Linashushwa mpaka Mbamba Bay, kisha linapandishwa tena, kwa kuwa kushuka hata jiwe linashuka. Injini huonekana kwenye kupanda. Unaona basi nilichojifanyia. Niliuza gari ili kaka yangu asiendeshe, na tangu siku niliyotangaza kuliuza aliendesha kuliko alivyowahi kuendesha tangu astaafu. Mafuta wanaweka wanunuzi. Yeye anavaa kofia, anashika usukani, anaondoka na roho ya mtu mwingine kiti cha pili.

Mimi siendeshi. Nilibaki uani, nikisikiliza. Gari lile lilikuwa na mlio wake, nilikuwa nalifuata kwa sikio mpaka linapoishia nyuma ya kilima, na hapo nafagia ua uleule mpaka nilisikie linarudi. Wenyewe wanarudi wanacheka, wanakula samaki njiani, mnunuzi anasema gari safi, mzee anaijua kazi, nitakupigia. Hapigi. Alikuja kijana wa Songea ambaye hakuwa hata na nia. Alikuja kujipiga picha ziwani akiwa ameegemea mlango. Alikuja mtu wa Mbamba Bay mwenye boti ya kuvulia usipa, dagaa wa ziwani kwao, akazunguka gari mara moja tu, akagonga boneti.

"Nataka injini," akasema. "Hili bati baki nalo, mzee, ufugie kuku."

Kaka yangu aliingia ndani na kufunga mlango, na siku ile hakula. Mimi kwa upande wangu nilimkimbilia yule bwana mpaka njia panda, nikimwambia injini achukue, achukue leo, aje na spana. Akasema mwenye mali hataki, yeye hataki kesi. Nilirudi nimenuna nusu ya kufa.

Nikaficha ufunguo. Kaka yangu hakuuliza. Alikaa kwenye kiti chake barazani, mikono juu ya magoti, asubuhi hadi jioni, na uji nilioweka mbele yake ukafanya ngozi juu. Nilivumilia, kisha nikamrushia ufunguo mapajani.

"Kaue mtu, basi," nikasema.

"Sijawahi kuua mtu," akasema. "Maisha yangu yote barabarani, sijawahi."

"Ulikuwa unaona!"

"Sauti yako," akasema. "Majirani."

Hilo tu ndilo lililomhofisha, majirani. Nilimchukia kaka yangu siku ile, na nasema wazi kwamba nilimchukia. Nilimchukia kwa kofia yake, kwa kiburi chake, kwa jinsi alivyonifanya mlinzi wa uongo wake bila kunipa hata heshima ya mlinzi.

Mnunuzi wa mwisho alitoka Tingi. Huyu sikumchukia mara moja, ilinichukua muda. Alifika asubuhi na binti yake, mtoto ambaye hajaanza shule, kichwa kimesukwa upya. Alitupa shikamoo sote wawili, akalala chini kabisa kwenye vumbi na shati lake safi kutazama chini ya gari, akatoka huko anatabasamu. Alilijua gari lile. Alijua hata lilitengenezwa kwa aina ngapi na kwamba letu ni la aina ya kwanza. Kaka yangu aling'aa uso. Wakaongea, wakafungua, wakafunga, wakainua zile taa na kuzishusha, mpaka mtoto akapiga makofi. Nikasema moyoni, huyu ananunua, Mungu mkubwa, imekwisha.

"Sasa mzee," yule bwana akasema, "tushuke nalo ziwani. Mwenye mali aendeshe, nione."

Akaketi kiti cha pili, akampakata mtoto.

Nilikuwa mlangoni na ungo wa maharage ninayochambua. Sikumbuki kuuweka chini. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya boneti, injini inanguruma magotini pangu, na kaka yangu ananipigia honi.

"Mtoto ashuke," nikasema.

"Nitamshika vizuri, mama," yule bwana akasema.

"Ashuke. Na wewe ushuke. Huyu haoni."

Kaka yangu akazima injini. "Mdogo wangu," akasema polepole, "ingia ndani."

"Siingii."

"Amechoka," akamwambia mgeni, akicheka kidogo. "Huyu mdogo wangu ana maneno."

Yule bwana akashuka na mtoto wake, akaniangalia, akamwangalia yeye. "Mzee, ni kweli?"

"Ningekuwa sioni ungekuwa umeshasikia," akasema kaka yangu. "Mbinga hii unaijua."

Mdomo wangu hauna breki, na siku ile sikutaka uwe nayo. Nikasema tumpime basi, kama nilivyopima watu zahanati miaka yote. Nikamwambia kaka ashuke, asimame, anitazame mimi usoni na asigeuze shingo. Nikamwambia yule bwana asimame ubavuni kwake kushoto na ainue vidole. "Kaka," nikasema, "sema ni vingapi."

Yule bwana alisimama pale nilipomwonyesha. Lakini mikono haikuinuka. Mtu wa rika lake hamnyooshei vidole mzee wa rika la baba yake kama anayemfundisha hesabu. Mikono yake ilikaa ubavuni, imening'inia, na macho yake yakiniomba niache.

"Vitatu," akasema kaka yangu.

Alingoja, kisha akahisi kwamba kimya kile si kizuri.

"Viwili," akasema. "Jua linanipiga."

Yule bwana akamwendea mbele, mahali anapoonekana, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mzee," akasema. "Sikuinua."

Kaka yangu alivua kofia. Aliishika tu, kama mtu aliyeingia kanisani. Alinitazama, na mimi nikiwa mbele yake kabisa aliniona vizuri sana.

Yule bwana alimpeleka mtoto kwenye kivuli cha banda, akarudi kwangu akikohoa. Akasema sasa, mama, tuongee upya, maana kama mzee alikuwa analigonga huko na huko bila kuona, bodi nayo ina siri zake, na pia hapa mtu anayeuza kwa sababu hii si kama anayeuza kwa kupenda. Hapo ndipo nilipomchukia. Aliyeona haya kuinua vidole viwili hakuona haya kushusha bei mpaka karibu na ile ya injini tupu ya mtu wa usipa. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, na baadhi niliyokuwa nimewawekea madalali. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Hakuongeza shilingi.

Nikakubali. Ningekubali hata kwa debe la mahindi.

Tulikwenda kuandikiana kwa mtendaji wa kata. Yule bwana alitangulia na gari. Kwa miguu ni mwendo mfupi, na nilimpa kaka yangu kiwiko changu. Alikipita, akashika ukuta wa nyumba ya jirani, kisha ua wa miti, kisha hewa. Ofisini karatasi iliwekwa mezani, upande wake wa kushoto, akapewa kalamu, akainama. Nikaona ncha ya kalamu inatafuta mahali pa kuweka sahihi, inatafuta mezani, nje ya karatasi. Nikamshika mkono kumwelekeza.

Akautoa.

"Mgeni," akasema, "nionyeshe wewe."

Yule bwana wa Tingi, ambaye alimjua kwa asubuhi moja, akamwongoza mkono. Akaandika sahihi nzuri, ndefu, ile aliyokuwa akiandikia mizigo ya kahawa. Mtendaji akaisifu. Gari likaondoka palepale ofisini na mwenye mali mpya, mtoto amesimama kwenye kiti akitupungia.

Hakuna mtu aliyekufa, na hilo nalisema kila nikitaka kulala. Mtaani hawamwiti Dereva tena. Wanamwita babu, kwa ile sauti ya chini wanayowaongeleshea wagonjwa, na najua habari ilitoka kinywani mwangu. Leo hii likitokea tena nitasimama mbele ya boneti lilelile na nitasema maneno yaleyale.

Jumapili kengele ya kwanza ikilia, anavaa koti, anapapasa ukuta mpaka uani, anasimama na kuita. Anamwita mama wa nyumba ya pili aje amshike mkono ampeleke misa. Anaita kwa adabu, anangoja, anaita tena kama yule mama amechelewa. Mimi nipo jikoni nyuma yake, nimeshavaa viatu.