Povu la Mzee Mwadini

Mzee Mwadini hakusifiwa kwa sura wala kwa kuwahi basi, lakini kwa chai, mtaa mzima wa Aston, huko ughaibuni, ulimjua. Ulimjua kwa sababu mwenyewe hakuchoka kuitangaza. Tangu atoke Unguja, miaka thelathini na ushei, kila aliyeingia kwake alikunywa na kusikiliza hotuba ya tangawizi.

Mmoja tu alikataa kumpa sifa: jirani yake Lakhbir, Singasinga wa Kisumu, mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. "Chai yako ni maji ya kuoshea sufuria, Mzee," ndiyo ilikuwa salamu yake.

Basi Nasreen, aliyefundisha sanaa za kale za Uchina katika ukumbi wa mtaa kila Jumamosi, akatangaza shindano. Zama za Song, alieleza, miaka elfu iliyopita, hata wafalme walishindana kupiga chai: unga wa majani, maji moto, bakuli jeusi, kifagio kidogo cha mianzi. Povu lako likiachana kwanza maji yakaonekana, umeshindwa.

Mwadini akajiapiza: akishindwa na Lakhbir, anahama mtaa.

Wakapiga. Povu la Lakhbir lilipanda upesi. La Mwadini likaja polepole, zito, jeupe kama tui la kwanza. Lakhbir akasogea kuchungulia. Na Mwadini, aliyelelewa akaleleka, ameshika bakuli na mtu kasimama mbele yake, angefanyaje? Ulimi ukamponyoka: "Karibu, bwana."

Kila mtu anajua hapo unajibu "Ahsante, starehe," ukapita zako. Lakhbir naye alijua vizuri sana. Akalipokea bakuli, akalimaliza.

"Asante, nimekaribia!"

Mwadini alitaka kulia. Adabu yake mwenyewe imemponza! Wala hakuweza kulalamika. Ulichomkaribisha mtu, huwezi tena kumdai.

Nasreen akaja kukagua. Katika bakuli la Lakhbir, povu limeshaachana, maji yanachungulia. La Mwadini, tupu.

"Nime-win!" Lakhbir akachekelea. "Yangu imebaki kidogo. Ya Mzee iko wapi?"

"Usijifute, mzee wangu," Nasreen alimwambia Lakhbir.

Juu ya yale masharubu, povu la Mwadini lilikuwa limekaa kitako, jeupe, halina hata ufa. Darasa zima likasogea kulitazama. Dakika sita zikapita, nalo lipo.

Mwadini akapiga bakuli jingine, taratibu, akamnyooshea jirani yake kwa mikono miwili.

"Karibu tena, bwana."

"Starehe," Lakhbir akajibu.