Mahindi ya Kuku

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi. Leo kwa stoo ya chakula cha msaada ya kanisa hapa Kiirua, ninapojitolea kila wiki, mwenzangu Mama Kendi alifagia mahindi yaliyomwagika, akayafunga kwa leso. Nikamtania mbele ya watu, "Na hayo ni ya nani?"

"Ya kuku," akasema bila kunitazama.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alijitolea kwa stoo hiyo hiyo. Alasiri moja, magunia yakinuka vumbi, alifagia hivyo hivyo. "Ni ya kuku, mwanangu." Hatukuwa na kuku; nikafurahi, nikidhani atanunua. Jioni githeri ya maharagwe na mahindi hayo ilijaa mchanga, nikamnunia. Kumbe aliona aibu kusimama kwa foleni ya watu aliowapimia.

Labda Mama Kendi anafuga kuku kweli, sijui. Lakini sikufaa kumuuliza mbele ya watu. Jioni hii tumekula githeri safi, na sikumaliza sahani.