Akina Bi Zaina Wawili wa Ujiji

Nimekana jambo hili kwa mwaka mzima, nimekana kwenye tramu, nimekana jikoni kwa watu, nimemkania hata mume wangu ambaye hakuwepo wala hakuuliza, basi leo naungama: wale akina Bi Zaina wawili niliwaunganisha mimi, tena kwa kusudi, na naapa sitaunganisha tena hata nyaya za taa.

Chama cha kina mama wa Saint-Gilles kiliniomba nizungumzie wanawake mashuhuri wa karne ya kumi na tisa walioitwa Zaina, kwa kuwa nami ni Zaina, mzaliwa wa Kigoma, na hapa Brussels najulikana kama mtu anayeandika (yaani mtu asiye na kazi ya kueleweka). Katika kusoma kwangu nikakutana na Bi Zaina wa Ujiji aliyefundisha watoto Kurani, na Bi Zaina wa Ujiji aliyeuza watu. Mji mmoja, miaka ileile. Akili iliniambia ni wawili. Lakini mwanamke mmoja anayesomesha watoto asubuhi na kuwauza jioni, mwandishi gani angemwacha apite?

Siku yenyewe Maman Zaina, Mrundi wa Bujumbura, alinipokea mlangoni kwa vigelegele kwa sababu mimi ni somo yake, na mtu wa jina lako ni kama nafsi yako, humwachi mikono mitupu, hivyo akanitanda kitenge kipya mabegani mbele ya ukumbi mzima, akanionyesha na sufuria la pilau alilonipikia. Nikapanda jukwaani, nikasema weee, nikafika pale pa asubuhi na jioni, nikanywa maji kidogo ili watu waguswe.

Maman Zaina akasimama. "Bon, somo. Ule wa Ujiji ni bibi ya bibi yangu. Alifundisha watoto, ndiyo. Muntu hakuuza hata mumoja."

Hapo ningeomba radhi tukale. Mimi nikajibu, kwa sauti ya chuo kikuu, "Historia haina bibi wa mtu."

"Alors, kama haina bibi, haina na somo. Leta kitenge."

Sikukileta. Akakifuata mwenyewe, akakitoa mabegani mwangu taratibu, akakikunja vizuri, akabeba sufuria lake akatoka, na ukumbi mzima ukalifuata sufuria (siwalaumu, hata pua yangu ililifuata). Nikabaki na kipaza sauti na mwenyekiti wa chama, naye alikuwa anatafuta koti lake.

Nilikasirika kwelikweli. Mtu umesoma, umehangaika, halafu unavuliwa kitenge hadharani kama mtoto aliyevaa cha mwenzake? Kila aliyenisikiliza mtaani kwangu Etterbeek nilimwambia kwamba watu wetu hawautaki ukweli, kila mmoja anadai ukoo wa malaika, kwani hao wauzaji hawakuzaa? Wajukuu wao wamejificha wapi?

Mwishowe nikampigia shangazi yangu Kigoma, ambaye koo zote za pale na za Ujiji jirani anazijua, aniunge mkono.

"Walikuwa wawili," akasema. "Yule mwalimu, watu wake walihamia Bujumbura."

"Na yule aliyeuza watu?"

Nikasikia anaweka kikombe chini.

"Mwanangu, kwani hilo jina lako ulidhani tulilitoa wapi?"